Mchanga Uliotiwa Chumvi

Bwana yule alitoka nchi ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, farasi akikojoa nje mkojo unaganda kabla ardhi haijaunywa. Sisi tuliomjengea uwanja wa kupandia farasi karibu na Ruiru hatukuwa na njia ya kumbishia. Tulichojua ni kwamba alikuja na mchoro kwenye karatasi nene, uliochorwa huko kwao na baba yake, na mchoro huo aliushika kama Biblia. Wiki yake ya kwanza shambani ilinyesha mvua ya mawe iliyolala majanini hadi saa sita mchana, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumtoa kichwani wazo kwamba amefika kwenye barafu nyingine.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa imajensi, serikali ya wakoloni ilipopigana na watu wetu walioingia msituni. Mimi nilikuwa seremala, na kaka yangu mkubwa alikuwa msimamizi wa mchanga. Tulichimba mtaro wa kufika kiunoni kuzunguka uwanja wote, tukaujaza mawe, ili maji yasigande chini na kuinua ardhi. Paa nililiinua kwa mteremko mkali, ili theluji iteleze ianguke. Ukuta wa upande wa upepo haukutakiwa kuwa na upenyo hata wa kupitisha ukucha, ila juu kabisa niliacha matundu, kwa sababu pumzi ya farasi kwenye baridi hupanda, hugeuka maji, kisha humdondokea mpandaji shingoni. Haya yote nilielezwa kwa dhati kabisa. Mimi ni mtu wa kucheka upesi na kukasirika upesi, na siku hizo nilikuwa nikijificha nyuma ya mbao nicheke.

Kisha ikaja chumvi. Ilikuwa chumvi ya mawe, ile ya kulambwa na ng'ombe, na ilikuja magunia kwa magunia kutoka stesheni ya Thika. Kaka yangu aliiponda, akaichanganya na mchanga wa mto kwa koleo, akaitandaza uwanjani. Mchanga wenye chumvi haugandi, Bwana alisema, na farasi hatavunjika mguu.

Julai ya Ruiru ni baridi kweli, sikatai. Ukungu ulikaa mpaka saa nne na vidole vilikataa kushika msumari. Lakini si baridi hiyo iliyotutetemesha. Kila Jumatatu tulipopanga mstari tulikuwa wachache kuliko Jumamosi. Mtu uliyeshika naye msumeno wiki iliyopita hayupo, na hakuna anayeuliza. Nafasi zao zilijazwa na watu kutoka magharibi ya nchi waliokuja kwa treni, watu wazuri wenye kusali sana, nao pia walijifunza upesi kutouliza. Malori yalipita barabara ya Thika yakiwa yamefunikwa turubai, na sote tuliinama tukajifanya tunapima mbao.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki, upande wa Mugutha. Langoni walikaa walinzi, watu wetu wenyewe, tuliowaita ngati. Kutoka na chakula au kuingia nacho bila ruhusa lilikuwa kosa kubwa. Unga kidogo mfukoni, chumvi kidogo kwenye kitambaa, na hoja ilikuwa moja tu: unawapelekea watu wa msituni.

Kaka yangu alivaa kabuti kuukuu la jeshi, lililochanika bitana mfukoni. Magunia aliyabeba begani, nayo yalivuja.

"Kung'uta hiyo kabuti kabla ya kwenda nyumbani," nilimwambia.

"Chumvi ya ng'ombe? Nani ataitaka?"

"Kung'uta tu, muru wa maitu." Ndivyo tulivyoitana, mwana wa mama.

Alikung'uta nje. Ndani ya bitana hakufikiria, wala mimi sikufikiria.

Jumapili moja wazungu jirani walikuja kuona uwanja. Nilikuwapo, nikiwafungulia mlango. Walilitazama lile paa, wakauliza theluji inatarajiwa lini, wakashika mbavu. Mmoja wao, afisa kijana wa polisi, alicheka mpaka akafuta machozi. Bwana alicheka pamoja nao, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Jumatatu alituamuru tufunike mchanga wa chumvi kwa mchanga safi, na mchoro hatukuuona tena. Nilidhani aibu yake hainihusu.

Siku tatu baadaye, saa kumi jioni, ngati walimpekua kaka yangu langoni. Mmoja alishika pindo la kabuti, akalipima kwa mkono, akachomoa kisu akachana bitana. Chumvi ikamwagika, yapata viganja viwili.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya mchanga. Tunatia kwa mchanga huko kwa Bwana, ati isishike barafu."

Walitazamana. "Barafu? Hapa Ruiru? Uui! Huyu anatufanya watoto." Wakampiga. Nilikuwa watu wanne nyuma yake kwenye mstari. Nilipofikiwa nilipapaswa mifuko tu, nikapita. Hapo ndipo nilipoelewa: alikuwa amesema ukweli mtupu, na hakuna mtu chini ya jua ambaye angeuamini, isipokuwa Bwana mwenyewe.

Usiku huo nilijipa moyo. Bwana atasema neno moja, basi.

Asubuhi walimleta kaka yangu shambani kwa Landrova, mikono imefungwa, jicho moja limevimba. Aliyemleta alikuwa yule yule afisa wa Jumapili. Mimi nilikuwa juu ya ngazi. Afisa akamuuliza Bwana kwa Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa cha futi na inchi, lakini nilisikia chumvi, nikasikia mchanga, kisha nikasikia theluji, na afisa akaanza kutabasamu.

Masikio ya Bwana yakawa mekundu tena.

"Mimi hapana jua hii maneno," akamwambia kaka yangu. "Chumvi ndani ya mchanga? Ya nini?" Akacheka, na afisa akacheka naye.

Kaka yangu hakumtazama. Alinitazama mimi. Nilikuwa na misumari mdomoni, na katika pindo la suruali yangu nilikuwa na chumvi ile ile, iliyoniingia tulipofunika mchanga, ikinikwaruza kifundo cha mguu. Nilijua nikisema neno watanipekua. Nikachukua ubao uliofuata, nikaupigilia. Niliposhusha nyundo gari lilikuwa limeondoka.

Mchana Bwana alikuja peke yake. Akanionyesha magunia mawili ya chumvi yaliyobaki ghalani, akasema, "Maliza." Nikachukua koleo la kaka yangu, nikaifukia yote chini ya mchanga safi. Nilimchukia Bwana yule kwa nguvu zangu zote, na ninakiri kwamba nilifurahi kuwa na mtu wa kumchukia.

Jioni mke wa kaka yangu alinisubiri mlangoni. Hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Sasa si ungewaambia waonje mchanga? Si walikuwa wameukanyaga? Mtu akilamba anajua."

Nilikuwa nimelifikiria hilo asubuhi, nikiwa juu ya ngazi. Nililifikiria vizuri sana.

"Niliwaambia," nikamjibu. "Walikataa."

Kaka yangu alirudi kutoka kizuizini baada ya miaka mitatu, amekonda, meno ya mbele hayapo. Alikunywa uji, akalala siku mbili. Siku ya tatu alikuja kwangu, akasimama mlangoni, akanyoosha mkono.

"Mama watoto ameniambia ulivyonitetea," alisema. "Ati uliwaambia hata waonje. Mimi nilikuwa nafikiria vingine huko ndani, miaka yote hiyo. Nisamehe. Asante, muru wa maitu."

Nikaupokea mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikamwambia hakuna shukrani kati ya ndugu.