Karani wa Miwa Anayehesabu Mipira Inayopotea

Saa kumi kasorobo jioni, Jumapili, uwanja wa vumbi ulio jirani na barabara kuu, Mikumi. Timu mbili zinapasha misuli. Debora Timotheo hazitazami. Amekalia ndoo iliyogeuzwa, kaunta buku mapajani, na kwa rula ya mwanawe anachora safu kumi na moja, moja kwa kila mchezaji wa Bondeni FC ya Ruaha.

"Mama VAR kaja!" anapiga kelele shabiki wa Stendi FC, wenyeji wa mchezo. "Leo tutahesabiwa mpaka chafya!"

Debora anacheka huku akiendelea kuchora. Mechi hii ya mwisho ya ligi ya wilaya ndiyo nafasi pekee iliyobaki kwa kiungo namba nane, Kelvin Lazaro, kuingia kombaini, timu teule ya wilaya itakayokwenda Morogoro. Jina la Kelvin lilikatwa kwenye orodha mwezi uliopita. Aliyesababisha likatwe ni Debora mwenyewe, kwa takwimu zake.

Siku za kazi, mama huyu wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka 34, ni karani wa kikundi cha wakulima wa miwa Ruaha. Wakataji wakimaliza kipande chao, yeye hupita shambani kwenye masizi ya miwa iliyochomwa, akaandika kila mtu amekata mistari mingapi. Vijiti vinne vya kusimama, cha tano kinalala juu yake. Kwa siku hulipwa shilingi elfu tisa, na msimu ukiisha hurudi kwenye jembe kama watu wengine.

Alizaliwa Mamboya, kwa mzee Timotheo, katekista wa kanisa la Anglikana aliyependa sana hesabu. Kidato cha nne Debora alipata B ya hisabati, na masomo mengine, anasema mwenyewe, "yaliniangusha kwa umoja wao." Akaolewa Ruaha.

Mpira ulimwingia miaka mitatu iliyopita. Kila Jumapili jioni wanaume walibishana kijiweni nani kaharibu mechi, na kila mmoja alikuwa na uhakika wake.

"Nikajiuliza, hawa wanabishana nini wakati kitu kinahesabika? Jumapili iliyofuata nikaenda na daftari. Mchezaji akipoteza mpira, namchorea kijiti. Kila dakika kumi na tano napiga mstari chini. Basi, hakuna uchawi."

Kocha wa Bondeni, Evarist, ambaye riziki yake ni kutengeneza pikipiki, alimwona kama mtu aliyekosa kazi ya kufanya. Msimu ule timu ilifungwa mabao 19. Debora alimwonyesha kwamba 14 kati ya hayo yaliingia baada ya dakika ya sitini, na karibu yote yalianzia upande wa kushoto.

"Nilikuwa nawafokea vijana kwa makosa ambayo hayakuwa yao," anasema Evarist. "Nikaanza kubadilisha beki wa kushoto mapema. Msimu uliofuata tukafungwa saba tu. Sasa bila dada Debora sipangi kikosi, na sioni aibu kulisema."

Vijana wa mikeka ya kubeti nao hawakukaa mbali. Humfuata hadi kisimani wakitaka awatabirie mechi za Uingereza. Debora huwajibu kwamba yeye anawajua watu kumi na mmoja tu, na wote wanaishi Ruaha na Kidodi.

Mwandishi wa makala haya alikwenda kwake akitarajia kusimuliwa ushindi. Debora akaanza na kosa lake, kabla hata chai haijamiminwa.

Kabla ya msimu wa kuvuna kuanza, Kelvin alikuwa akipoteza mipira saba kwa mechi, kiwango kizuri kwa kiungo anayegusa mpira mara nyingi. Mavuno yalipoanza idadi ikapanda. Kumi na miwili, kumi na mitano, kisha kumi na minane, na mingi ikipotea kipindi cha pili. Debora akampelekea kocha daftari na ushauri wa maneno machache: namba nane akae benchi.

Kelvin, kijana wa miaka 22 asiye na maneno mengi, alikaa benchi mechi mbili. Wiki hizo hizo walimu wa kombaini wakakusanya majina, na la kwake likaondolewa. Hakulalamika. Aliacha tu kuja mazoezini.

"Nilijiona mtaalamu," anasema Debora. "Nilikuwa na takwimu, nani angenibishia?"

Jumapili moja alikutana na Teresia, mama yake Kelvin, akitoka zahanati na kifuko cha dawa. Wakaamkiana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tuombee. Baba Kelvin yuko kitandani wiki ya tano hii. Alipasuliwa ngiri, hata ndoo ya maji hanyanyui."

Debora alimpa pole, akaendelea na safari. Alipofika njia panda akasimama. Mzee Lazaro ni mkataji wa miwa kwenye kikundi chake. Nyumbani alifungua daftari la shamba. Jumamosi zote tano, siku ya zamu ya kundi la mzee, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa na jina la Lazaro na vijiti sita.

"Mgonjwa gani huyo anakata mistari sita?" anauliza.

Jibu alilipata kwa Scholastica, msimamizi wa wakataji. Mkataji asipoonekana shambani kwa muda, nafasi yake hupewa mwingine. Ili ya baba isipotee, Kelvin alikuwa akikata mistari yake sita, kisha ya mzee sita. Kundi lote lilijua na lilikubali. Scholastica alitaja majina kwa sauti, karani akaandika bila kuinua macho. Kila Jumamosi kijana alitoka shambani jua likiwa la utosi, mikono imevimba kwa panga, na kesho yake akaingia uwanjani.

"Daftari la miwa na daftari la mpira nilikuwa nabeba kwenye mfuko mmoja," anasema Debora. "Yote mawili niliandika mimi. Hata siku moja sikuyaweka pamoja. Niliona aibu, kaka. Niliona aibu mpaka nikashindwa kula."

Alikwenda kwa mzee Lazaro kesho yake. Alimkuta Kelvin akinoa panga uani.

"Kelvin, nimekukosea. Nilikuhesabia miguu nikasahau kuuliza imetoka wapi."

"Dada, hukuandika uongo. Mipira nilipoteza kweli."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Siku ya mazoezi aliwaomba radhi wachezaji wote wamekaa chini. Halafu akapanda basi hadi Mikumi, akaunganisha la Kilosa, kwenda kumtafuta Zabron, mwalimu wa kombaini. Orodha ilikuwa ifungwe Jumatatu baada ya mechi ya mwisho. Zabron alimwambia hawezi kurudisha jina kwa huruma, lakini atakuja Mikumi kutazama.

Debora akamwahidi kitu ambacho leo anakiri kilikuwa cha kujitutumua. Alimwambia kijana akipumzika Jumamosi moja tu, hatapoteza zaidi ya mipira sita.

Mapumziko yenyewe waliyatoa wakataji. Walikuwa kumi na wawili, na mistari ya Kelvin na baba yake ni kumi na miwili. Kila mmoja akaongeza mstari mmoja juu ya kipande chake. Scholastica, mwenye miaka 51, alikata wake wa mwisho.

"Tulimfukuza shambani," anasema akicheka. "Alikuja na panga asubuhi, tukamwambia nenda kalale, ukikanyaga hapa tunakuchongea kwa mama yako."

Sasa mpira unaanza, na unaanza vibaya. Kelvin anatoa pasi ya kwanza moja kwa moja kwa adui. Ya pili hivyo hivyo. Anacheza kwa haraka, kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. Debora anachora vijiti. Hadi mapumziko vimefika saba. Ahadi ya mipira sita imekwisha kufa, na Zabron yuko upande wa pili wa uwanja, mikono kifuani.

Kipindi cha pili Kelvin anatulia. Dakika ya sitini inapita, ambayo zamani ndiyo ilikuwa saa ya Bondeni kuzama, na yeye bado anakimbia. Dakika ya 81 anapokea mpira katikati, anawaacha wawili na kumpasia mshambuliaji Yared, anayefunga bao la ushindi. Bondeni wanashinda 2-1. Ruaha nzima iliyosafiri inaingia uwanjani, isipokuwa Debora, ambaye anajumlisha.

Zabron anakuja. "Haya dada, mingapi?"

"Tisa, mwalimu. Nilikwambia sita. Nimekosea." Anamgeuzia daftari. "Saba kipindi cha kwanza, hofu. Miwili kipindi cha pili. Miguu anayo."

Zabron anasoma kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma vijiti tisa. Kisha anatoa karatasi yake mfukoni na kuandika jina mwishoni.

"Makocha wote wananiletea sifa," anamweleza mwandishi baadaye. "Huyu kaniletea hesabu iliyomuumbua mwenyewe. Nikakataaje?"

Kelvin alikwenda kambini Morogoro wiki iliyofuata. Wakataji wanaendelea kugawana mistari ya mzee Lazaro hadi daktari amruhusu kushika panga. Debora anataka msimu ujao kila timu ya tarafa iwe na mtu wa takwimu, na ameanza kuwafundisha wanawake wawili wa Kidodi. Kwenye daftari jipya ameongeza safu moja, ya mchezaji alifanya nini siku iliyotangulia.

Tulipokuwa tunaagana, Kocha Evarist alifika na pikipiki. Alitaka kujua habari za Yared, ambaye hesabu zake zimeshuka kwenye mechi mbili za kirafiki. Amweke benchi Jumapili?

"Nipe mpaka Jumatano, mwalimu," Debora akamjibu. "Bado sijafika kwao."