Kamani ya Saa ya Babu

Baba yangu anaamini kwamba Mungu aliumba dunia kwa siku sita, na kwamba Wazungu walihitaji muda mrefu zaidi kutengeneza saa yake. Ni saa ya fedha, ya mfukoni, yenye mnyororo. Babu alipewa na padri mmoja baada ya kumpikia miaka mingi, na kwa maelezo ya baba, tangu itoke Ulaya haijaguswa na mkono wa fundi. Saa zinazoharibika ni za watu wazembe.

Nilipotaka kuoa, nilimwomba aniazime niivae kwenye kizibao. Alikubali baada ya hotuba ndefu. Nikiirudisha nzima, siku moja itakuwa yangu. Nikiiharibu, atampa shemeji yangu, mume wa dada. Shemeji ana rimoti ya televisheni ambayo hadi leo imo kwenye nailoni iliyotoka nayo dukani. Sikuwa tayari saa ya babu ikaishi maisha hayo.

Siku ya harusi tulikwenda Kirushya kumchukua bibi harusi kwao. Saa nne ikapita, hajatokea. Kule mpakani simu hunasa mtandao wa Burundi na kurudi nyuma saa nzima, na wakwe zangu walijua kuitumia neema hiyo. Baba mkubwa wa mke wangu akanionyesha simu yake.

“Bado ni saa tatu, mkwe,” akasema. “Ndoa haina halaka.”

Nikatoa saa ya babu ili niwaumbue. Nikaufungua mfuniko kwa madaha, nikaanza kuitia ufunguo mbele yao wote. Ilipokaza nilipaswa kuacha. Sikuacha. Kitu kikakatika ndani, kwa sauti ndogo tu, na mishale ikasimama. Nikafunga ndoa nikiwa nimebeba maiti mfukoni.

Baba alipoidai nilimwambia nimeisahau Nyamahanga, ninakofundisha. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza nikiwa mume wa mtu, na niliuonea haya.

Fundi saa niliyempata Biharamulo mjini ni mzee anayeishi zaidi kwa kuuza makava ya simu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku tayari ameshanyoosha mkono.

“Imekufa au imezimia?” akauliza.

Mimi nilikuwa naijua kwa nje tu, fedha iliyolika pembeni na nakshi za mawimbi mgongoni. Alipoifungua niliinama kutazama. Kulikuwa na skurubu za bluu ndogo kuliko mbegu ya ulezi, na vijiwe vyekundu vilivyopachikwa pale vyuma vinapozungukia. Mabamba ya shaba yalikuwa yamechongwa maua, mahali ambapo mwenye saa hatayaona maisha yake yote. Nikamuuliza fundi kwa nini mtu ajisumbue hivyo.

“Alijua mimi nitaona,” akasema.

Kilichokatika ni kamani, ule utepe wa chuma unaojikunja ndani na kuiendesha saa. Fundi akauinamisha mfuniko wa nyuma kwenye mwanga, akanionyesha mikwaruzo midogo ya sindano. Kila fundi anayefungua saa ya namna hii, alinieleza, huacha alama yake na mwaka. Akahesabu mitano. Wa mwisho ulikuwa wa marehemu mwalimu wake, hapohapo Biharamulo, na kando yake kuna neno moja: kamani. Nikausoma mwaka. Ni mwaka ambao wazazi wangu walifunga ndoa.

“Namkumbuka yule kijana aliyeileta,” fundi akasema. “Nilikuwa najifunza kazi. Alivaa suti kubwa kuliko yeye, akatubembeleza tusimwambie baba yake.”

Nilicheka mpaka wateja wa makava wakageuka kunitazama.

Baada ya wiki tatu nikaipeleka Bukiriro, nyumbani kwa baba. Shemeji naye alikuwepo, amekaa wima kwenye kochi. Baba akaiweka saa sikioni, akasikiliza.

“Imefunguliwa,” akasema.

“Ndiyo, baba. Nilikata kamani.”

Shemeji akakohoa kwa heshima.

“Umeitengenezea wapi?” baba akauliza.

“Biharamulo. Kwa mwanafunzi wa yule fundi wa zamani.”

Baba akaanza kuipangusa kwa shati, ingawa haikuwa na vumbi. Neno moja tu lingeniokoa mbele ya shemeji, na nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nilimwona mzee mwoga kama mimi, mwongo kama mimi, na nikampenda kuliko siku zote alizokuwa hana kosa. Nikanyamaza, saa na iende ilikokuwa inakwenda.

“Mimi ilinikatikia kanisani,” akasema hatimaye, bila kumtazama yeyote. “Mama yako alichelewa. Wewe?”

“Kwa wakwe.”

“Afadhali yako.” Akaniwekea saa kiganjani, akanikunja vidole kimoja kimoja juu yake. “Babu yako alikufa sijamwambia. Wewe umewahi.”