Mama Aliyezaa Siku Moja Mapema

Basi lilipofika nyuma ya uwanja, dereva alizima injini na kufungua dirisha. Nilidhani gari limeharibika. Abiria wenzangu, wote kumi na wanane, wakatoa kalamu.

"Mbio ya kumi na mbili," dereva alitangaza. "Kimya tafadhali."

Nyuma ya ukuta ulisikika mlio kama wa nyuki waliofungiwa kwenye debe. Ukazunguka mara nne, ukaisha. Haikuzidi dakika moja. Kipaza sauti kikasoma majina manne, na abiria wakaandika kwenye karatasi zilizokunjwa magotini: tatu, mbili, moja, sifuri. Bibi mmoja aliyeketi kando yangu na kapu la uyoga aliikandamiza sifuri yake mpaka karatasi ikatoboka.

"Grelka wa mwisho tena," alisema.

"Usimlaumu kijana," dereva akajibu bila kugeuka. "Kosa ni la mamake."

Basi zima likaafiki, injini ikawashwa, tukaendelea na safari.

Nilikuwa nimeishi Poland miaka kumi na moja, huku na kule, na nilijua kwamba katika miji ya magharibi watu huzipenda mbio hizi za pikipiki kuliko mpira. Pikipiki hazina breki, zina gia moja, na wanne hukimbizana kwenye duara la vumbi wakipinda upande mmoja tu. Ila mji huu sikuwahi kuufikia. Nilikuja kutafsiri maelezo ya kuunganisha makabati ya kiwanda fulani, na mfukoni nilikuwa na anwani ya chumba cha kupanga. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikakaa juu ya begi langu.

Baada ya saa mbili lilikuja gari kubwa la mizigo, likiendeshwa na mwanamke wa makamo. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa vumbi, isipokuwa pale palipokaa miwani. Kando yake alikaa kijana mwembamba, kimya, amekumbatia kofia ya chuma.

"Wewe ndiye wa makabati?" mwanamke akauliza. "Viatu utaviacha hapo. Na jikoni usivute sigara, kuna methanoli, mafuta ya pikipiki."

Huyo alikuwa Bi Wiesia Grelka. Mama mwenye kosa.

Siku za kazi alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Jioni na Jumapili alikuwa fundi, dereva, dobi na meneja wa mwanawe Tymon. Marehemu mumewe alimwachia nyumba, pikipiki mbili na ujuzi wa kufungua klachi kwa macho yaliyofumbwa. Alikuwa akizipanga sahani za klachi kwenye meza ya jikoni kando ya viazi, na mara moja nilimwona akiipuliza sahani ya chuma ipoe, kisha akapuliza kiazi.

Kosa lake alinieleza mwenyewe siku ya tatu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulieleza mara elfu. Kanuni za mbio huilazimu kila timu kupanga vijana wawili, yaani chipukizi. Chipukizi hutafutwa kama dhahabu, na huitwa chipukizi mpaka mwisho wa mwaka anaotimiza miaka ishirini na mmoja. Kesho yake ni mtu mzima, na watu wazima wamejaa tele. Wengi huishia kuuza injini zao na kwenda kiwandani kupiga misumari.

"Tymon nilimzaa tarehe thelathini na moja Desemba," alisema. "Saa nane na nusu mchana. Ningengoja mpaka kesho yake, angekuwa chipukizi mwaka mzima zaidi."

"Lakini uchungu wa uzazi haungoji, Bi Wiesia."

"Waambie wao."

Wao walikuwa mji mzima. Katika mbio hizi kuna mkanda unaowazuia waendeshaji mstarini. Ukiugusa kabla haujaruka juu, unaondolewa. Basi mwanamke wa duka la mikate alikuwa akimwambia Bi Wiesia kila Jumamosi, huku akimfungia mkate: "Mwanao aligusa mkanda akiwa tumboni." Padri alimshauri amwombe Mungu subira, ingawa ilikuwa imechelewa miaka ishirini. Dereva wa basi hakumsalimu kabisa.

Lililouma zaidi ni Olgierd Pacuła. Olgierd alizaliwa wodi ileile, kitanda cha jirani, na cheti chake kilisema tarehe mosi Januari, dakika tano baada ya saa sita usiku. Alikuwa chipukizi wa pili wa timu hiyohiyo, na mwaka ujao angeendelea kuwa chipukizi. Babake, Bwana Zenon, alikuwa mwendeshaji maarufu zamani; alipotembea, mifupa yake ililia kama mlango mbovu.

Vijana hao wawili walishindana kwa kila jambo. Yule aliye mwepesi huondoka mstarini haraka zaidi, kwa hiyo Tymon aliponyoa kichwa, kesho yake Olgierd alinyoa kichwa na nyusi. Muuza mikate alitoa taarifa pande zote mbili.

"Olgierd leo kachukua andazi moja tu," alimwambia Tymon.

"Moja? La jamu?"

"Kavu."

Tymon akarudisha lake.

Katika mbio ya mwisho ya msimu, Olgierd alimsukuma Tymon, mwenzake wa timu, mpaka kwenye uzio. Tymon aliinuka, akatema vumbi, akamfuata kwenye banda la timu.

"Una wazimu? Sisi ni timu moja!"

"Mpaka Desemba," Olgierd akasema. "Ningoje Januari ya nini?"

Mwenyekiti wa klabu naye hakuzunguka. Alimwambia Bi Wiesia kwenye ngazi za ofisi, nikiwa nimebeba matairi nyuma yake: "Mama, akiwa chipukizi, nafasi yake ipo. Akiwa mtu mzima, ninao watu wazima saba. Watatu wamevunjika miguu, na bado wanamshinda."

Usiku huo hakupika. Asubuhi jino lilimuuma, akaniomba nimpeleke kwa Daktari Ireneusz, kwa kuwa akiumwa jino haoni barabara vizuri.

Daktari Ireneusz alikuwa daktari wa meno na kiongozi wa mashabiki. Kazi hizo mbili hakuwahi kuzitenganisha. Kiti cha wagonjwa kilitazamana na picha ya timu, na hoja zake alizitoa wakati mgonjwa amefungua mdomo.

"Bi Wiesia, nimepata njia," alisema, akimjaza pamba. "Cheti cha kuzaliwa kinaweza kusahihishwa mahakamani. Tunasema saa ya wodi ilikuwa imechelewa."

Bi Wiesia alitoa sauti.

"Ndiyo, imechelewa kwa muda wa saa tisa na nusu. Saa za ukutani huchelewa. Ilionyesha saa nane na nusu mchana, kumbe ni saa sita imekwisha pita usiku."

Bi Wiesia alitoa sauti ndefu zaidi, akionyesha dirisha kwa kidole.

"Anasema jua lilikuwa linawaka," nilitafsiri.

"Jua la Desemba!" Daktari akacheka. "Nani hapa kaliona jua la Desemba? Mkunga ana miaka themanini na mitatu, atakubali lolote ukimpa kahawa. Mahakama itaomba kitabu cha wodi cha siku hizo mbili, itakuta wino umefifia, itaona huruma. Unakubali? Ukinyamaza nitajua umekubali."

Alikuwa na vidole vitatu vya daktari mdomoni. Akanyamaza.

Nilidhani akitoka atakataa. Lakini aliketi kwenye gari akiwa na shavu moja limekufa ganzi, akasaini ombi la mahakama juu ya goti lake.

"Nimeitwa mwenye kosa miaka ishirini," alisema. "Sasa niwe mwongo miezi kumi na miwili, mtoto akimbie."

Habari zilienea kabla ganzi haijaisha. Mwanamke wa duka la mikate alimpa Bi Wiesia keki bila kuombwa, na dereva wa basi akampigia honi. Watu waliokuwa na saa za zamani waliahidi kuja kutoa ushahidi kwamba saa kweli huchelewa.

Siku ya Mtakatifu Martin, mwezi Novemba, nilikuwa jikoni na tafsiri yangu ya makabati, Tymon yuko bandani, mlango ukabishwa. Mlio wa mifupa ulitangulia mtu. Alikuwa Bwana Zenon, amebeba mfuko wa maandazi yenye mbegu tamu ambayo huliwa siku hiyo. Kwenye nyumba ile hakuwahi kukanyaga.

"Bi Wiesia. Maandazi."

"Naona."

"Ya moto."

"Kaa, Bwana Zenon."

Akakaa. Akanitazama. "Huyu bwana anajua lugha yetu?"

"Anajua lugha sita."

"Basi atoke kidogo."

"Amelipa kodi mpaka mwisho wa mwezi. Abaki."

Bwana Zenon alisifu pazia. Alisifu injini iliyokuwa kwenye kabati la vyombo. Alikula andazi alilolileta mwenyewe. Mwishowe akasema akiitazama meza: "Kile kitabu cha wodi. Hakuna haja ya kukifungua."

"Kwa nini?"

"Vitabu vya zamani vina vumbi."

Bi Wiesia akafuta mikono. "Bwana Zenon, mimi nilikuwa kitanda cha jirani. Mwanao alilia kabla ya fataki. Watu wa mji walikuwa hawajaanza hata kuhesabu. Nilimsikia mkunga akisema ni saa tano na nusu, na nilikusikia wewe ukimwambia aandike mwaka mpya."

Uso wa Bwana Zenon ulipauka. Nami kalamu ikanisimama kwenye rafu ya tatu ya kabati.

"Mkunga alikuwa shabiki wangu," alisema taratibu. "Alitaka nimsainie aproni. Kwenye cheti aliandika vizuri. Kwenye kitabu nadhani alisahau." Akavuta pumzi. "Ulijua miaka yote hii? Mji mzima unakucheka, na husemi?"

"Mtoto wako hakuwa na kosa lolote. Tena usiku ule miguu yangu ilikuwa barafu, na mkeo alinivulia soksi zake." Alisukuma sahani ya maandazi katikati ya meza. "Sikutishi. Nakuambia tu kwamba wangu anataka kukimbia mwakani, na njia niliyopewa inapita kwenye kitabu hicho. Kama unajua njia nyingine, niambie."

Jikoni kulisikika Tymon akigonga chuma bandani. Bwana Zenon alisikiliza kwa muda, kama mtu anayesikiliza injini ya mpinzani wake. Kisha akatoa simu.

"Kuna jamaa Latvia ana klabu," alisema. "Zamani nilimvunja mfupa wa bega. Tangu hapo ni marafiki."

Maongezi yao yalikuwa ya kelele, nusu Kirusi na nusu matusi. Mara tatu nilisikia jina la Grelka. Mara moja jamaa wa Latvia aliuliza kitu, na Bwana Zenon akajibu: "Polepole mstarini, lakini haogopi uzio. Mwanangu kamjaribu." Alipokata simu, alijifuta shingo.

"Mkataba wa mwaka mmoja. Kama mtu mzima. Hawamwulizi alizaliwa lini."

Bi Wiesia aliita mara moja tu, "Tymon!", na kijana akaja akiwa na spana. Aliposikia, alitazama kwanza pikipiki, kisha mama yake.

"Latvia ni mbali, Mama."

"Ni mbali na watu wanaojua siku yako ya kuzaliwa."

Kesho yake Bi Wiesia aliliondoa ombi mahakamani. Daktari Ireneusz alimfuata mpaka sokoni, koti jeupe likipepea.

"Mwaka mzima wa uchipukizi, Bi Wiesia! Unautupa! Na jino nilikuziba vizuri!"

"Kinyume chake, Daktari, bado linauma."

Mji ulirudi kwenye hasira yake ya kawaida kwa haraka ya ajabu. Keki ya bure haikutolewa tena. Sasa makosa yalikuwa mawili: kuzaa mapema, na kukataa kujirekebisha. Bi Wiesia aliacha kazi ya shule na kushona majina mapya kwenye suti ya mwanawe. Niliambiwa niendelee kukaa, nilishe paka na kuwasha jiko la makaa bomba lisigande.

Waliondoka mwanzoni mwa Machi, theluji ikiwa imebaki kando ya barabara tu. Olgierd alikuja kusaidia kupakia. Nyusi zilikuwa zimeota nusu. Yeye na Tymon waliinua pikipiki ya kwanza bila kuzungumza, kisha wakagombana nani ameinua upande mzito.

"Mwakani na mimi nitakuwa mtu mzima," Olgierd alisema ghafla. "Waulize kama wana nafasi."

"Nitawaambia hufai."

"Waambie. Lakini uliza."

Bi Wiesia alipanda, akarekebisha kioo, akawasha injini. Kisha akashusha dirisha.

"Wewe umepita Latvia. Wanakula nini kule?"

"Ni watu wazuri," nilisema. "Wanakula njegere za kijivu na mafuta ya nguruwe."

"Za rangi gani?"

"Kijivu."

Alizima injini. Alishuka, akaingia ndani, nikasikia makabati yakifunguliwa na kufungwa. Akatoka na sufuria kubwa, sufuria ya kati, kikaango, na gunia la viazi begani. Tymon alibeba sufuria magotini, kwa kuwa nyuma hapakuwa na nafasi. Gari lilipanda barabara ya lami likilia vyuma kila kona, likapita duka la mikate bila kupunguza mwendo. Nikarudi jikoni. Ilikuwa saa nne asubuhi, paka alikuwa na njaa, na ndani ya nyumba nzima chombo pekee kilichobaki cha kuchemshia maji kilikuwa birika.