Pale Nyanya Alipochimba Kidogo

Nilipostaafu kazi ya kusoma mita za maji mjini Kisumu, nilirudi nyumbani karibu na Awasi na wazo moja tu, nalo lilikuwa samaki. Mke wangu alikuwa amekaanga na kuuza samaki miaka mingi. Kila alfajiri alikwenda Dunga, ufuoni mwa ziwa, kungoja mashua, na kila mwaka karai lake lilirudi jepesi kuliko mwaka uliotangulia. Nikamwambia tutafuga wenyewe. Akaniuliza nani atachimba bwawa. Nikamjibu kwamba limekwisha kuchimbwa.

Nilikuwa na maana ya gunda. Ndivyo tunavyoita mahame, boma la zamani ambalo wenyewe walilihama. La kwetu liko upande wa juu wa shamba. Kilichobaki ni tuta la udongo lililozunguka kama pete, kimo cha mtu aliyeketi, na handaki nje yake. Pana uwazi mmoja tu, palipokuwa lango. Utotoni tulichungia ng'ombe humo, kwa sababu mmoja wetu akilala langoni kazi ya siku imekwisha. Hiyo ndiyo historia yote niliyoijua.

Nilitafuta wanaume wawili wazibue upande wa chini wa handaki, maana mvua za miaka mingi zilikuwa zimelijaza. Udongo waliotoa tuliupanga kwenye ukingo wa nje ili uzuie maji. Siku tatu kazi ilikwenda vizuri. Walifukua vigae vya vyungu, jiwe la kusagia lililolika katikati, na ndala moja ya plastiki ambayo nadhani ilikuwa yangu.

Siku ya nne waliniita. Kwa hatua kama kumi hivi, chini ya udongo laini walikuwa wamekutana na udongo mgumu ambao haukuwahi kuguswa na jembe. Kushoto na kulia mtu alizama hadi kifuani. Hapo katikati, magotini. Hata tuta la juu yake lilikuwa fupi. Mmoja wao alisema aliyepewa sehemu hii alikuwa mvivu. Nikakubaliana naye, nikawaambia kesho wapasawazishe.

Kesho yake alifika shangazi yangu, dada ya marehemu baba. Aliolewa ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu saa kwa miguu yake ya zamani na saa moja na nusu kwa miguu ya sasa. Alikuwa amesikia kwamba nachimba gunda. Nilitarajia ugomvi kuhusu mila, na nilikuwa nimeandaa hoja zangu, lakini hakuzungumzia mila. Alilifuata handaki kwa fimbo yake mpaka pale penye kina kifupi, akauliza kama tumekwisha kupagusa. Nikamwambia bado.

Ndipo akanieleza alichosimuliwa na nyanya yake mzaa baba, zamani yeye mwenyewe alipokuwa msichana na kulala nyumbani kwa nyanya huyo. Siku za uvamizi wa ng'ombe, mwenye boma aligawa duara lote, kila nyumba ikapewa kipande chake. Wanaume walichimba, wanawake wakabeba udongo kwa vikapu. Nyanya yake alikuwa amefiwa na mume msimu huohuo. Alichimba peke yake na kubeba peke yake, akiwa na mimba ya miezi saba. Hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kipande chake na adui walikuwa karibu.

"Mtoto huyo alikuwa nani?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeanza kupiga hesabu.

"Baba yangu," alisema. "Babu yako. Hapa paache palivyo."

Nilimweleza habari za kina na mkondo wa maji, taratibu, kama mtu aliyefanya kazi ya maji maisha yake yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimemaliza. Mke wangu alisema samaki hawana haja na hatua kumi. Basi tukapaacha.

Vifaranga wa tilapia tuliowatia humo walikua mpaka wakatosha kiganja. Kisha ikaja mvua kubwa. Maji yalipanda, na ukingo wetu ukashika kila mahali isipokuwa pale, maana pasipochimbwa hapana udongo wa kujengea ukingo. Asubuhi samaki wangu walikuwa katika viazi vitamu vya jirani. Watu walikuwa wameshafika na mabeseni. Jirani alinisalimu kwa heshima, akauliza kama nimepotelewa na kitu.

Mke wangu aliokota aliowawahi, akawakaanga. Nikampelekea shangazi samaki watatu, nikamweleza walivyotoka na walipopitia. Alichambua miba ya samaki wa kwanza kwa makini kabla ya kujibu.

"Hata adui waliingilia palepale," alisema. "Walitoka na ng'ombe wote."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku ile. Akasema sikuuliza. Nikauliza basi watu wa boma walimfanya nini nyanya yake.

"Hawakumfanya kitu. Walijua alichimba akiwa na hali gani. Mwaka uliofuata walihamia huku chini, wakamjengea yeye kwanza."

Nilimwangalia akila samaki, na nilijionea aibu kwa lile neno la uvivu nililolikubali pale handakini. Alipomaliza alisema samaki wana ladha ya matope.

Sasa tuna bwawa la pembe nne karibu na nyumba, na mke wangu haendi tena Dunga ila kwa siku chache. Shangazi hawezi tena kuvuka mto. Jumapili baada ya kanisa mimi ndiye ninayekwenda kwake, na daftari. Nimechora duara la gunda, naye ananiambia kipande kipi kilichimbwa na nyumba ipi. Mpaka sasa amekumbuka vinne. Sehemu kubwa ya duara haina mwenyewe. Kila nikimuuliza anafumba macho, anafikiri, kisha ananiambia nirudi Jumapili nyingine.