Mguu wa Kulia Uliobaki Kwenye Nusu Kaputi

Watu walimwita Gundi, maana akishakaa kwenye kigoda chake kibandani hang'oki mpaka kiatu kiishe. Alishona viatu tangu ndevu hazijamwota, na mkewe akikaa ubavuni kwake na sindano. Gundi alikuwa na kigezo cha unyayo, alichokikata kwenye boksi kuukuu. Anakiweka juu ya ngozi, kisu kinazunguka, mguu wa kushoto huo. Anakipindua, kisu kinazunguka tena, wa kulia huo. Kule kupindua hata hakukuwa kazi, ni kama mtu kupepesa macho.

Basi siku moja utumbo wake ukajisokota, akakimbizwa hospitali. Akapigwa nusu kaputi, akapasuliwa, na operesheni ikachukua muda mrefu. Alipozinduka hakuwa yeye. Aliona sisimizi darini, ilhali dari ni nyeupe tupu. Akachomoa mpira wa dripu, akamfokea mkewe, "We mama, nani kakuruhusu kuingia kibandani kwangu?"

Mkewe akamfuata daktari koridoni.

"Kwa wazee hutokea," daktari akasema. "Wengi akili hurudi baada ya siku chache, wengine miezi. Wachache hawarudi kama walivyokwenda."

"Na huyu wangu?"

"Mama, ningejua ningekwambia."

Sisimizi wakaisha. Nyumbani Gundi akawataja wajukuu wote kwa majina, akagombana na redio kama zamani. Lakini mkewe moyo haukutulia. Alitaka kujua kitu kimoja tu: mumewe amerudi, au hajarudi?

Siku ya kwanza kibandani akaja kaka yake mama huyo, mtu wa maneno mengi. "Shemeji, wewe ulikuwa umelala kitandani, mimi natembea peku. Nikatie jozi!"

Gundi akakata wa kushoto. Akasogeza kigezo kando kidogo, akakata tena. Akaviweka vipande vyote viwili pamoja.

"Makubwa haya! Shemeji, mguu wa kulia ninao pia, ingawa mvivu."

Wakacheka, Gundi naye mpaka machozi. "Lete ngozi nyingine." Akakata. Wa kushoto tena.

Safari hii hakucheka mtu. Shemeji akachukua kofia yake akaaga, na huwa haagi upesi.

Gundi akavipapasa vile vipande vitatu kwa kidole gumba. "Nionyeshe," akasema. Mkewe akapindua kigezo.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, mzee wangu."

Akakata, na wa kulia ukatoka safi, ukingo hauna mkwaruzo. Mkewe nusura apige vigelegele. Kesho yake Gundi akakata wa kushoto, kisha kisu kikaganda hewani. Akakitazama kigezo kama mtu aliyesimama mbele ya mlango wa nyumba ya watu.

"Mama, pindua," akasema, bila kumtazama.

Ikawa ndiyo kazi ya mama yule. Mteja akiwepo, anajifanya anatafuta uzi, mkono unapita, kigezo kimepinduka.

Siku moja mama akaenda kumzika jirani. Aliporudi akamkuta Gundi amejiinamia juu ya kigoda. Ngozi yote waliyokuwa nayo imekatwa, kwa ufundi usio na dosari, imelundikwa miguuni pake. Yote ya kushoto.

"Nilikungoja," Gundi akasema. "Halafu nikadhani nimekumbuka."