Gunia la Kilo Arobaini na Nane

Mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi na miwili, ndipo taabu ilipoanza. Baba alifanya kazi katika kampuni moja ya kandarasi, iliyochimba mitaro na kutengeneza barabara huku Kolwezi. Imekufa zamani, jina lake siandiki. Ukuta wa mtaro ulimwangukia asubuhi, akafa, na baada ya mwezi mmoja tukatolewa katika nyumba ya kampuni. Alikuja mtu na karatasi. Mama akatoa vyungu nje, mimi nikatoa kitanda. Siku hiyo nilipaswa kuwa shuleni, mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Tulikuwa tumejifunza kugawa kwa tarakimu moja. Kugawa kwa tarakimu mbili sikufika.

Wengine wanasema taabu inamfundisha mtu. Mimi ilinichosha tu. Nilibeba makala, makaa ya kupikia, nikabeba matofali, nikachimba vyoo vya watu. Nilipofika miaka ishirini nikaingia kibarua katika kampuni ileile iliyomzika baba, maana hapakuwa na nyingine iliyonitaka. Waliniweka kwenye depo ya posho. Posho ni unga ambao wafanyakazi wa kambi walipewa kila mwisho wa mwezi, kadiri ya watu wa nyumba. Kazi yangu ilikuwa kufungua magunia na kuchota kwa kopo. Shefu wa depo, yaani mkuu wangu, alinifundisha siku ya kwanza kabisa: usijaze kopo mpaka mdomoni, acha kidole kimoja. Kwa nini? Kwa sababu gunia la kilo hamsini linapoteza kilo mbili njiani, na kopo likijaa, unga hautawafikia wote. Nikaweka gunia kwenye mizani, nikaona kweli, arobaini na nane. Nikapima la pili. Arobaini na nane. Basi nikaiweka namba hiyo akilini kama vile mtu anavyojua kwamba mvua inaanza mwezi wa kumi.

Nilikuwa nimeoa. Mke wangu alikuwa amemaliza mwaka wa sita, wa mwisho wa shule ya msingi, na cheti anacho, na mimi nilijivuna kwa hilo mbele ya watu, ila nyumbani lilinichoma. Tulikuwa na watoto wawili na chumba kimoja cha kupanga, mtaa wa Dilala, katika uwanja wa mtu. Bati lilishikwa na mawe. Mvua ikinyesha tunasogeza mkeka huku, tunausogeza kule, mpaka hakuna pa kuusogeza. Mtoto wa pili alikuwa na kifua kibaya. Nasema wazi ili msomaji ajue: kila nilichokifanya katika habari hii, nilikifanya kwa ajili ya nyumba.

Mwaka 1984 karani wa posho alistaafu akarudi kwao Kasai. Kazi yake ilikuja na nyumba ya kambi: vyumba viwili, sakafu ya simenti, robine ya maji uani. Shefu wa depo aliniambia kwamba kama ni yeye angenipa kazi leo leo, ila patroni, mwenye kampuni, anataka mtu mwenye karatasi ya shule ya msingi. Kulikuwa na shule ya mangaribi, saa za jioni, kwa ajili ya wafanyakazi, miezi mitatu, halafu mtihani. Nikajiandikisha.

Tulisomea katika darasa la watoto, kwenye mabenchi ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Tulikuwa watu kumi na nne, wote tumetoka kazini, wote tunanuka jasho. Mwalimu alikuwa kijana, shati lake jeupe limepigwa pasi, na alitusomea mafumbo ya hesabu kutoka kitabu cha mwaka wa sita, akiyageuza kwa Kiswahili. Si hesabu za kuandikwa tu, tano mara sita. Hapana. Hesabu za maneno, ambazo ndani yake kuna mtu na mambo yake, na unatakiwa kuzidisha, halafu kujumlisha, halafu kugawa, na hakuna anayekuambia uanze wapi.

Siku moja alitoa ya mtaro. Watu sita wanachimba metre ishirini na nne kwa siku nne; watu kumi na wawili watachimba metre thelathini na sita kwa siku ngapi? Mwenzangu mmoja, dereva wa lori, Mwislamu wa upande wa mashariki, mtu mzima kuliko sisi wote, aliinua mkono akasema siku tano. Mwalimu akamwambia ni tatu, akamwonyesha kwenye ubao. Dereva akatazama ubao kwa heshima yote.

“Mwalimu, mi nilipeleka batu ku mitaro miaka kumi. Ukiwa nao sita, banachimba. Ukiwa nao kumi na mbili, kuko wa kutafuta beleshi, kuko wa kuwasha sigara, na kuko mwenye kufiwa.”

Darasa lilicheka mpaka mwalimu naye akacheka. Halafu akafuta ubao, akatuambia kwamba mtu wa kitabu hafiwi. Tumchukue alivyoandikwa. Asiyeweza hilo, mtihani utamshinda.

Nilielewa maneno yake, lakini hesabu zenyewe zilinishinda. Nilikuwa naona namba tano katika fumbo, nazizidisha zote. Nikificha daftari chini ya godoro, mke wangu analitoa. Kwa wiki mbili alilisoma tu na kulirudisha. Alimjua mume wake. Siku ya tatu ya wiki iliyofuata, alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, akauliza bila kugeuka kwa nini naanza hesabu kutoka mwanzo wa maneno. Nikamwambia kila kitu kinaanza mwanzo.

“Tata, unaweza kutia maji mu chungu mbele ya kuuliza banakula bangapi?” akasema, maana Tata, yaani baba, ndivyo alivyoniita. “Soma mwisho kwanza. Jua banakuuliza nini. Kiisha rudia nyuma.”

Nilikasirika, nikatoka nje. Nikakaa juu ya ndoo. Halafu nikarudi nikafanya alivyosema, na fumbo likafunguka. Sikumshukuru. Nilimwambia chumvi imepungua.

Tangu hapo nilijifunza haraka. Kugawa kwa tarakimu mbili sikupenda njia ya mwalimu, ile ya kushusha namba moja moja kama ngazi. Nilikuwa na yangu: nachukua magunia kumi kumi mpaka nikaribie, halafu namalizia. Mwalimu alisema si njia ya shule, ila jibu ni lile lile, atanihesabia.

Mtihani ulikuwa Jumamosi. Shefu wa depo alikaa pembeni ya mwalimu, maana kazi ilikuwa ya depo yake. Mafumbo matatu. Mawili yalinipita vizuri. La tatu, mwalimu aliposoma, nilitabasamu. Lilikuwa la posho, na namba zake kama za kambi yetu yenyewe. Nyumba moja ina baba, mama na watoto watano. Mtu mzima anapewa kilo tatu za unga kwa juma, mtoto kilo moja na nusu. Kambi ina nyumba arobaini za namna hiyo. Kwa majuma manne, yanatakiwa magunia mangapi ya kilo hamsini?

Nikaanza mwisho: wanauliza magunia. Nikarudi nyuma. Wakubwa wawili, kilo sita. Watoto watano, kilo saba na nusu. Nyumba moja, kumi na tatu na nusu. Mara arobaini, mia tano na arobaini. Mara nne, elfu mbili mia moja na sitini. Sasa kugawa. Magunia kumi ni kilo mia nne themanini. Magunia arobaini ni elfu moja mia tisa na ishirini. Zinabaki mia mbili na arobaini, hizo ni magunia matano. Jibu: magunia arobaini na tano, hakuna kilichobaki. Nilifurahi. Hesabu isipobakiza kitu, mwanafunzi anajua amepata.

Mwalimu alisahihisha palepale, mmoja mmoja mbele yake. Alifuata kazi yangu kwa kalamu, tiki, tiki, tiki, halafu akasimama. Aliniuliza kwa sauti, na wengine wanasikia:

“Kila kitu ni sawa. Ila arobaini na nane umeitoa wapi? Mi nilisema hamsini.”

“Mwalimu, gunia ni arobaini na nane,” nikasema. “Uliza shefu.”

Sikuwa na ubaya. Niliamini shefu atanisaidia. Shefu alitazama dirisha. Dereva wa lori, aliyekuwa akileta magunia hayo kutoka stesheni, alitazama viatu vyake. Mwalimu akawatazama wote wawili, akaandika msalaba mwekundu. Jibu la kitabu lilikuwa magunia arobaini na matatu, zinabaki kilo kumi. Kwa msalaba huo nilikosa karatasi.

Nje, shefu alinishika bega. Alikuwa mtu mpole, mwenye ndugu wengi wa kulisha, sijawahi kumsikia akitukana.

“Kijana, hesabu yako ni ya mutu mukubwa. Lakini hawa ba shule banataka hamsini. Mwezi ujao unarudia. Uandike hamsini.”

Nilifika nyumbani nikamsimulia mke wangu namna mwalimu asiyejua magunia alivyoninyima nyumba. Alisikiliza huku akichambua maharage. Nilipofika kwenye kilo mbili zinazopotea njiani, mikono yake ikasimama.

“Magunia yote? Kilo mbili mbili, hata moja haipungukiwi tatu?”

“Yote. Nimepima mwenyewe.”

“Ulizani njia ndiyo inakula bunga?”

Miaka minne nilikuwa nimechota unga ule. Yeye akahesabu kwa midomo, bila karatasi, na alikuwa mwepesi kuliko mwalimu: magunia arobaini na matatu mara kilo mbili, themanini na sita. Nyumba yenye watoto watano inapewa kilo hamsini na nne kwa mwezi. Kwa hiyo kila mwezi unga wa nyumba nzima, na zaidi ya nusu ya nyumba nyingine, unatoka depo kabla magunia hayajafunguliwa mbele ya watu. Na pengo la kidole kimoja kwenye kopo ndilo lililoufunika. Kidole changu.

Nilingoja aniambie nisirudi pale. Ningemtii, nadhani. Alitazama ukuta ulioloana, akamtazama mtoto aliyekuwa anakohoa.

“Mwezi ujao andika hamsini,” akasema. “Batoto banalala mu maji.”

Nikarudi. Fumbo lilikuwa lingine, la magunia ya simenti, lakini kilo hamsini zilikuwemo, na niliziandika hamsini. Mwalimu akaweka tiki. Juma lililofuata tulihamia kambini. Mke wangu alifungua robine akaacha maji yatoke tu, akiyatazama, na mimi nikamwambia afunge.

Mwisho wa mwezi ule nilisimamia posho kwa mara ya kwanza kama karani. Sijui kiburi kilinituma au aibu. Nilijaza kopo mpaka mdomoni, kwa kila mama aliyefika. Walishangaa, wakanibariki, wengine wakapiga vigelegele kidogo. Sasa kambini ilikuwa desturi kwamba mke wa karani anachukua wa mwisho, ili watu wasiseme. Basi alisimama mwisho wa mstari na beseni lake. Mama aliyekuwa mbele yake alipata chini ya nusu ya haki yake, gunia la mwisho likakung’utwa, likawa tupu. Mama yule alinitukana, mimi na mama yangu. Hakumtukana shefu. Shefu hakushika kopo.

Mke wangu alitazama ndani ya gunia, akatazama beseni.

“Leo umezidisha muzuri, Tata,” akasema mbele ya wote. “Kugawa ndiyo imekushinda.”

Wakacheka. Akaweka beseni tupu kichwani, akaenda. Mwezi ule tulikula muhogo aliouomba kwa dada yake.

Shefu aliniita Jumatatu. Hakunigombeza. Aliuliza nani aliniambia nijaze. Nikasema hakuna. Halafu akaniuliza nyumba ikoje, inavuja?

“Hapana, shefu. Haivuji.”

“Basi.”

Mwezi uliofuata niliacha kidole kimoja. Nyumba zote arobaini zilipata, hakuna aliyepiga kelele, na mke wangu alichukua wa mwisho, akapungukiwa kama wengine. Nilifanya hivyo miaka minane. Sikubeba hata kilo moja nyumbani. Hilo naweza kuapa. Lakini kopo lilikuwa mkononi mwangu, na hilo pia naliandika. Wajukuu wangu wanafikiri babu alipanda kwa akili ya hesabu. Akili ilikuwepo. Jibu lililonipa kazi ndilo lile nililojua si la kweli, na nimekuwa nikilifikiria kwa muda mrefu kiasi kwamba limenichosha kuliko makala na matofali.

Kampuni ilipokufa, mwaka 1992, haikuwa na cha kutulipa. Ikatuachia nyumba tulizokuwamo, kila mtu na karatasi yake. Kutoka hapo niliendelea kwa mikono yangu, na sikuomba mtu.

Leo nina nyumba ile, na vyumba vitatu nilivyoongeza nyuma. Shamba la mahindi, hekta mbili, kwenye njia ya Mutoshi. Pikipiki mbili, vijana wanafanya nazo taksi. Moja iko kwa fundi. Mbuzi tisa. Kisima. Kitanda cha mbao ya mukwa. Lori moja ambalo haliwaki tena. Watoto sita, wote walimaliza shule. Mke mmoja, yule yule.