Evaristi Hakunipitisha

Ulikuwa usiku wa kumi na moja tangu tuanze kutembea, na Evaristi alikuwa na miaka mitatu kaburini, aliponijia.

Nilikuwa Nepal, katika kijiji cha nyumba saba za mawe, chini kidogo ya kipito ambacho tungekivuka asubuhi. Kipito ni ile njia ya juu inayokatiza kati ya vilele viwili. Ukishaivuka unateremkia bonde lingine, watu wengine, salamu nyingine. Mimi kazi yangu ni kuongoza wageni Kilimanjaro, na nimeifanya miaka ishirini na sita. Lakini huko sikwenda kikazi. Mgeni wangu wa zamani, bibi wa miaka sabini na moja aitwaye Greta, ambaye nimempandisha Kibo mara tatu, aliniambia, "Aloisi, miaka yote hii unanitangulia mbele. Safari hii tembea na wewe kama mgeni." Akanipeleka.

Ugeni ulinishinda. Siku ya kwanza niligombania mzigo na mpagazi, tukauvuta huku na huku mpaka kamba ikakatika. Siku ya pili nilikutwa jikoni naosha masufuria. Kiongozi wetu, mama wa makamo aitwaye Dolma, mfupi, mpole, macho yake hayapitwi na kitu, alinishika mkono wa koti akanitoa jikoni taratibu, akanikalisha mezani na kuniwekea chai.

Siku ya tisa kichwa kikaanza kuniuma.

Ninakijua kichwa cha mlimani. Nimewaeleza mamia ya watu: kikiuma sema, usipande nacho, kinaweza kukuua. Kila jioni Dolma alitupitia na kile kibano cha kidoleni kinachopima hewa iliyomo kwenye damu, akituuliza habari za kichwa, tumbo na usingizi. Nami kabla hajanifikia nilikuwa nimeshavuta pumzi ndefu nyingi kimyakimya, ili namba ipande. Ujanja huo nilijifunza kwa wageni wangu walionidanganya. Kisha nikajibu, "Sina shida." Ningesemaje? Mtu wa Kilimanjaro, kichwa kimuume mbele ya bibi anayemaliza sahani mbili za viazi na kuuliza kama vimebaki?

Basi usiku huo nikalala nimevaa kila nguo niliyokuwa nayo, kofia mbili kichwani, na kichwa chenyewe kinapiga kama mtu anatwanga.

Nikajiona niko jikoni kwa mama yangu, Marangu. Moshi ulikuwa mwingi. Nikafungua mlango ili utoke, na nje hapakuwa na migomba. Kulikuwa na theluji, jua limeiwakia mpaka macho yanauma, na njia nyembamba inapanda. Sikushangaa hata kidogo. Nikatoka, nikageuka niurudishe mlango, na mlango haupo.

Juu kwenye njia, mtu anashuka. Amevaa suti ya kahawia, na kichwani, juu ya ngata, amebeba jiko la gesi la plate mbili. Nilimjua kwa mwendo kabla sijauona uso. Ni Evaristi.

Evaristi alikuwa mpishi wa msafara wangu miaka kumi na tisa, na mume wa dada yangu Felista, ambaye miaka yote alilalamika kwamba mumewe akiwa mlimani hamuulizii hata salamu. Wageni walikuwa wakimcheka kwa sababu ya jina. Walidhani anaitwa kama ule mlima mkubwa wa Nepal. Naye hakukasirika. Alikuwa akiwaambia kwamba ule mlima ni wajina wake, na iko siku atakwenda kuusalimia. Kisha aliugua tumbo, akafa, hajafika hata Nairobi.

Sasa anashuka anachechemea. Alipofika mbele yangu hakunisalimia. Alitua jiko kwenye theluji, akanitazama miguuni kwanza, halafu usoni.

"Shemeji," alisema, "viatu ulivyonizikia vinabana."

Nikaona aibu, maana ni kweli. Siku ya kumzika hatukuviona viatu vyake vya kanisani, na watu walikuwa wamekwisha kujaa uani, nikavua vyangu. Yeye ana mguu mkubwa kuliko mimi. Tulivisukumiza. Wiki iliyofuata viatu vyake vikaonekana kwa fundi, vimeshonwa vizuri, vinamsubiri.

Nikataka kumwomba radhi, lakini tayari alikuwa ameviondoa, amevifunga kamba na kuvitundika shingoni, anakanyaga theluji peku kama mtu anayekanyaga nyasi zenye umande. Akajitwika jiko. "Twende," akasema, na hakusema wapi.

Tunapanda. Yeye anatangulia, mimi nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile sina hamu ya kumpokea mtu mzigo. Njia ikatupitisha kwenye kundi la yaki, wale wanyama wa huko wenye manyoya mpaka magotini. Evaristi akawapisha. Akamtazama mmoja muda mrefu, na yule yaki naye akamtazama.

"Ng'ombe huyu," akasema polepole, "kavaa blanketi."

Kisha tumo kijijini. Sijui tuliingiaje. Ni kijiji kilekile nilimolala, lakini wanawake waliokaa kuzunguka jiko ni wale wa jumuiya yetu ya Marangu, wamevaa magauni mazito ya huko na mikanda ya rangi, na hakuna anayeona ajabu. Wanatumiminia chai ya huko, yenye siagi na chumvi. Evaristi anaonja. Uso wake unakuwa mzito kama wa mtu aliyeletewa habari za msiba. Anaweka kikombe chini, anainuka, anakwenda jikoni, na ninasikia masufuria yanahamishwa. Moyo wangu unatulia. Miaka kumi na tisa nililala na kuamka kwa sauti ile.

Anarudi na bakuli la mtori, moto, nyama imeiva mpaka imeachana na mfupa. Ndizi amezipata wapi, sikuuliza. Natia kijiko mdomoni na siwezi kumeza. Tumbo limekataa, kichwa kinapiga. Evaristi amesimama mbele yangu, mikono imefungwa kifuani, ananiangalia nisivyokula. Mpishi huona mapema kuliko mtu yeyote nani anaumwa, sahani humwambia. Ndivyo alivyokuwa akinifanyia kazini, jioni ananinong'oneza, yule wa kofia nyekundu hajagusa chakula, mwangalie.

"Kichwa?" akaniuliza.

"Sina shida," nikasema.

Hata ndotoni nilisema hivyo.

Aliuchukua mtori wangu akaula mwenyewe, wote, na akakwangua bakuli.

Halafu tupo nje tena, upepo ni mkali, na nakiona kipito. Pale juu kabisa, ambako watu wa huko hufunga bendera zao za rangi za kuombea, kuna meza. Ni meza ya mbao, kama ile ya getini kwetu Kilimanjaro, na juu yake kuna daftari kubwa la kuandikisha wageni, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isiibwe. Nyuma ya meza amekaa Evaristi. Alikuwa ubavuni mwangu sasa hivi. Amevaa miwani ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Nikakimbia. Najua mtu hakimbii mahali pale, lakini nilikimbia, na kila nikinyanyua mguu meza inasogea nyuma kidogo. Nilipoifikia nilikuwa nimeinama, natafuta pumzi. Nikashika kalamu. Nikaandika jina. Nikaandika nchi. Palipoandikwa kazi, nikaandika kiongozi.

Evaristi akaligeuza daftari upande wake, akasoma taratibu kama anayesoma barua ya mahakama, akanipa ufutio.

"Futa," akasema. "Kiongozi hasemi uongo jioni."

"Shemeji, nimebakiza hatua arobaini."

"Umewarudisha wangapi waliobakiza hatua arobaini?"

Ndipo nikawaona. Walikuwa wamejipanga kwenye theluji nyuma yake, wageni wangu wote niliowakatalia kilele, na koti la kila mmoja nalikumbuka. Mbele yao ni yule jamaa mkubwa aliyelia kama mtoto pale juu, akiniambia amejiandaa miaka miwili, nami nikampigapiga mgongoni, nikamwambia mlima haukimbii, utaukuta hapahapa. Sasa ananitazama kwa hamu ya kuona mimi nitajibu nini.

Nikageuza maneno. Nikamwambia Evaristi kwamba nikirudi chini watanicheka. Kwamba Greta amenileta kwa heshima. Kwamba bibi wa miaka sabini na moja atapita, mimi nibaki.

Evaristi akavua miwani. Upepo ukakatika, na bendera zote zikalala. Akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia hospitalini, siku zile ambazo ilikuwa imekwisha kuwa ndogo:

"Felista aliniuliza miezi minane, Eva, tumbo vipi? Nikamwambia sina shida. Nilikuwa naona aibu kuumwa, mimi ninayelisha watu. Nilisema sina shida mpaka nikaisha."

Nilitaka kumshika mkono lakini meza ilikuwa pana.

Kisha akainuka, akazunguka meza, akanishika mabega na kunigeuza nitazame nilikotoka. Akanipigapiga mgongoni, mara tatu, kama mimi ninavyowafanyia watu. Sikujua mpaka siku ile jinsi inavyoudhi.

"Kamwambie yule mama," akasema nyuma yangu. "Kabla ya chai."

Miguu yangu ikaanza kushuka yenyewe.

Nikaamka. Dirisha lilikuwa limeanza kuwa jeupe, na pua yangu baridi kama chuma. Kichwa kilikuwa palepale. Nikasikia huko jikoni birika linawekwa juu ya jiko. Nikatoka mbio na kofia zangu mbili, soksi bila viatu, mpaka mlangoni, na Dolma alikuwa ameinama anachochea moto.

Nikamwambia, kwa Kiingereza chetu cha watu wa milimani, "Kichwa kinaniuma. Leo siku ya nne. Sikusema."

Dolma hakuniuliza kwa nini. Aliweka chini kijiti cha kuchochea, akanionyesha ubao mmoja mrefu wa sakafuni, akaniambia nitembee juu yake, kisigino mbele ya vidole. Kipimo hicho hata mimi huwafanyia wageni, maana anayeyumba ubongo wake umeanza kuvimba kwa kukosa hewa. Nikakiona kuwa cha kitoto. Nikapiga hatua mbili, ya tatu ikaenda ilikotaka, nikaangukia kwenye lundo la kinyesi kikavu cha yaki, ambacho ndicho kuni zao. Greta alikuwa amekwisha kuamka, amekaa mezani na kijiko cha uji mkononi. Hakucheka. Alikiweka kijiko chini, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Nilikuona unavuta zile pumzi," Dolma alisema akinipangusa mgongo. "Jana ulivuta kumi na nane, nilizihesabu. Leo nilikuwa nimeamua nikupime huku unaongea."

Greta alivuka kipito na kiongozi wa pili. Mimi nilishuka na Dolma, amebeba mkoba wangu, na sikumgombania. Aliniambia njiani, bila kunitazama, kwamba watu wagumu kuliko wote kuwaongoza ni viongozi, na wanaofuata ni madaktari. Nilijikwaa mara nyingi saa ya kwanza. Kufikia mchana, katika kijiji cha chini chenye miti, kichwa kililegea kama kamba iliyofunguliwa. Nikala viazi sahani mbili na kuuliza kama vimebaki.

Kijiji hicho kilikuwa na mtandao. Nikampigia Felista. Nikamsimulia yote: suti, jiko la gesi, mtori, daftari. Nilipofika kwenye yale maneno ya miezi minane nilitaka kuyaruka, lakini nilikuwa nimechoka kuficha mambo, nikamwambia yalivyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Hayo maneno angeniambia akiwa hai, kaka, ningembeba mgongoni mpaka hospitali ya KCMC kwa miguu."

"Najua."

"Na mimi je? Hakuniulizia?"

Nikafikiri. Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo.

"Hapana," nikasema. "Hakukuulizia."

Nikamsikia anavuta pumzi. Kisha akacheka, kicheko cha kweli, ambacho sikuwa nimekisikia kwa miaka mitatu.

"Basi alikuwa ni yeye," akasema.